Kilimo cha manjano na matumizi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila msimu, mengine kutoka kwa wakulima wa milimani Tanga na Morogoro, mengine kutoka kwa watu wanaonunua unga sokoni na kujiuliza wamenunua nini. Sehemu ya kuvuna na kukausha ni ndefu kuliko nyingine, na ni kwa makusudi. Mkulima anaweza kulima vizuri kwa miezi tisa, kisha akaipoteza kazi yote ndani ya wiki mbili za mwisho.

## Mambo ya mwanzo

Manjano ni mmea wa namna gani?

Ni ndugu wa tangawizi na iliki. Juu ya ardhi utaona majani mapana, marefu, yanayofika kiunoni au kifuani kwa mtu mzima. Mali yenyewe iko chini: tunguu la katikati, ambalo wengi huliita mama, na vidole vinavyochipuka ubavuni mwake. Asili yake ni Asia ya Kusini, na mpaka leo India peke yake inazalisha zaidi ya robo tatu ya manjano yote duniani.

Manjano yanayolimwa hayazai mbegu zinazoota, kwa sababu mmea huu una seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Kwa hiyo mkulima anaposema "mbegu ya manjano" anamaanisha kipande cha tunguu.

Yanastawi wapi?

Yanataka joto la nyuzi 20 hadi 30, mvua ya kama milimita 1,500 kwa mwaka au umwagiliaji wa kufidia, na mwinuko usiozidi mita 1,500 hivi. Tanzania yanajulikana zaidi Usambara Mashariki, upande wa Muheza na Amani, kwenye miteremko ya Uluguru huko Morogoro, na katika visiwa vya Unguja na Pemba. Ukanda wa pwani ya Kenya nao unayafaa penye mvua ya kutosha au maji ya kumwagilia.

Udongo ni jambo la kuangalia kuliko yote. Yanapenda tifutifu yenye mboji, isiyotuamisha maji. Kama una shaka na shamba lako, chimba shimo la futi moja wakati wa mvua, ulijaze maji jioni. Ukiyakuta bado yamo asubuhi, pandisha matuta marefu au tafuta sehemu nyingine.

Yanakaa shambani muda gani?

Miezi saba hadi kumi, kutegemea aina na baridi ya mahali. Wengi wetu huvuna mwezi wa nane au wa tisa tangu kupanda. Zao hili halimfai mtu anayetaka fedha za haraka.

## Shambani

Ekari moja inahitaji mbegu kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe kabla ya kwenda kwa muuzaji. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 40 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, ekari moja inabeba mashimo kama 33,000. Ukiweka kipande cha gramu 25 kila shimo, unahitaji kilo 830 hivi. Ukikata vipande vya gramu 40, unavuka kilo 1,300. Tofauti hiyo ya kisu ni karibu nusu tani ya mbegu, na mbegu ndiyo gharama kubwa ya mwaka wa kwanza.

Ushauri wangu kwa anayeanza: panda robo ekari kwa kilo 200 na kidogo, jifunze nayo, kisha tumia mavuno yako kama mbegu ya mwaka unaofuata. Likitunzwa vizuri, manjano hurudisha mara nane hadi kumi ya uzito uliopandwa. Hakuna sababu ya kukopa ili uanze na ekari tatu.

Nichague vipi mbegu nzuri?

Kipande kiwe kigumu, kizito mkononi, kisicho na harufu ya kuoza wala madoa meusi yaliyobonyea, na kiwe na macho mawili angalau. Kivunje kimoja: ndani rangi iwe imekolea, isiwe na pete za kahawia. Mama na vidole vyote huota. Mama hutoa mche wenye nguvu zaidi, vidole vinahifadhika vizuri zaidi na vinakula uzito mdogo wa mbegu.

Ukishakata, acha vipande vikae kivulini siku moja au mbili ili vidonda vikauke. Wengi hupaka majivu sehemu iliyokatwa, na inasaidia kuikausha. Mbegu ya kusubiri msimu ihifadhiwe kivulini penye hewa, kwa tabaka za mchanga mkavu au majani makavu. Ukiifungia kwenye mfuko wa nailoni, itaoza.

Usinunue mbegu kutoka shamba lililokuwa na ugonjwa wa kuoza, hata ukipewa kwa nusu bei. Ugonjwa husafiri ndani ya tunguu.

Nipande lini?

Mwanzoni mwa mvua, hilo wote wanalijua. Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni jua la kukaushia. Penye misimu miwili ya mvua, ukipanda mwanzo wa vuli, Oktoba au Novemba, mavuno yanaangukia Julai hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Ukipanda mwanzo wa masika, Machi, unavuna Desemba au Januari, na vuli ikichelewa kuisha inakukuta na manjano juu ya kichanja. Amani hupata mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo mkulima wa huko ajenge kikaushio chenye paa la nailoni angavu kabla hajafikiria kuongeza shamba.

Yanapandwaje hasa?

Andaa matuta ya kimo cha sentimita 15 hadi 20. Fukia kipande kina cha sentimita 5 hadi 7, macho yakiangalia juu, kisha tandaza majani au nyasi kavu juu yake. Kuota kunachukua wiki tatu hadi sita, na wengine husubiri zaidi, kwa hiyo usianze kufukua kuangalia.

Palizi ya miezi mitatu minne ya mwanzo haina mbadala, kwa sababu mche bado mdogo na magugu huuzidi. Kila ukipalilia, pandishia udongo kwenye shina ili vidole visitoke nje, na uongeze matandazo. Majani yakishafunika ardhi, kazi inapungua sana.

Naweza kuyachanganya na mazao mengine?

Ndiyo, na ndivyo yanavyolimwa mahali pengi. Yanavumilia kivuli chepesi, hivyo yanakaa vizuri chini ya minazi, kati ya migomba, au pamoja na mahindi na mbaazi. Kivuli kizito hupunguza mavuno: ukisimama katikati ya shamba saa sita mchana na usione madoa ya jua ardhini, punguza matawi.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu miteremko ya Usambara na Uluguru. Kuvuna manjano ni kuchimbua shamba zima, na mvua inayofuata inashuka na udongo huo hadi mtoni. Panda kwa mistari inayokatiza mteremko, weka makinga maji, acha majani na mabua yabaki shambani baada ya kuvuna, na usifyeke msitu kwa ajili ya zao hili. Mashamba ya zamani yaliyochoka yanaweza kurudishiwa rutuba kwa samadi. Udongo ukishafika bondeni hautarudi.

Yanahitaji mbolea gani?

Samadi iliyoiva au mboji, kwa wingi, wakati wa kuandaa matuta. Zao hili linakula potashi kuliko virutubisho vingine, kwa sababu linajaza wanga chini ya ardhi. Huko Kerala, India, wakulima hupendekezewa kilo 60 za naitrojeni, 50 za fosfeti na 120 za potashi kwa hekta. Kwa ekari ni kama kilo 24, 20 na 48. Potashi ni mara mbili ya naitrojeni, na wengi wetu tunafanya kinyume kwa kurusha urea peke yake. Unapata majani ya kupendeza na vidole vyembamba.

Asiye na uwezo wa kununua atumie majivu ya kuni, ambayo yana potashi, hasa kwenye udongo wenye tindikali. Nyunyiza kidogo kidogo, usirundike shinani.

Majani yanageuka njano kabla ya wakati. Tatizo ni nini?

Kwanza shika shina karibu na ardhi, ulivute taratibu. Likichomoka kirahisi, na chini yake ni laini, lenye majimaji na harufu mbaya, hiyo ni kuoza kwa tunguu, ugonjwa wa vimelea wanaofanana na ukungu, wanaopenda maji yaliyotuama. Lililooza haliponi. Ng'oa na udongo unaolizunguka, litupe mbali na shamba, chimba mfereji maji yatoke, na usiguse mashina mazima kwa jembe lile lile kabla ya kuliosha.

Shina likiwa limeshika imara, tazama majani. Rangi ya njano ikianzia majani ya chini na mmea ukawa umedumaa, ni njaa ya naitrojeni. Kingo za majani zikikauka kama zilizoungua, mara nyingi ni ukame au upungufu wa potashi. Chimba shina moja: mizizi ikiwa na vifundo vifundo, una minyoo fundo. Hapo usirudie manjano, tangawizi wala nyanya kwenye shamba hilo kwa misimu kadhaa.

Yametoa maua. Niyakate?

Huna haja. Ua hutokea katikati ya majani na ni la kawaida kwa mmea uliokua vizuri. Si dalili ya ugonjwa, wala halitakupa mbegu ya kupanda.

## Kuvuna na kukausha

Nitajuaje kuwa yamekomaa?

Majani yote yanageuka rangi, yanakauka na kulala chini. Chimba mashina mawili matatu sehemu tofauti za shamba. Vidole viwe vimejaa, ngozi imeshika, na ukivunja kimoja kivunjike kwa kishindo kidogo na kuonyesha rangi nzito ya chungwa. Ngozi inayochubuka kwa kidole gumba ni ya manjano machanga, na machanga hupungua sana yakikaushwa.

Kata majani kwanza, kisha chimba kwa uma wa shamba ukianzia mbali kidogo na shina. Jembe la kawaida linakata vidole, na kila kidole kilichokatwa ni mlango wa ukungu.

Soko ni baya. Naweza kuyaacha ardhini?

Kwa wiki kadhaa za kiangazi, ndiyo, ardhi ni ghala zuri. Mvua ikianza, tunguu linachipua upya na kula akiba yake lenyewe. Ukiyaacha mpaka hapo unavuna uzito wenye maji na mabua mapya.

Nichemshe au nikate vipande?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu linategemea mnunuzi. Mwulize kabla hujavuna.

Kuchemsha ndiyo njia ya India kwa manjano yanayouzwa yakiwa vidole vizima. Osha, ondoa mizizi, tenga mama na vidole, na uchemshe kila kundi peke yake kwa sababu mama huchukua muda mrefu zaidi. Ifanyike ndani ya siku mbili tatu tangu kuvuna. Maji yafunike manjano kwa vidole viwili. Baada ya dakika 45 hadi 60 utaona povu, na mvuke utakuja na harufu kali ambayo haikuwapo mwanzo. Choma kidole kwa njiti: ikipenya bila kusukumwa, toa. Pasua kimoja, rangi ya ndani iwe sawa kuanzia kati mpaka pembeni. Yakizidi kuiva rangi huingia weusi, yasipoiva hukauka kwa nje na kuoza kwa ndani. Faida ya kuchemsha ni kwamba tunguu haliwezi kuchipua tena, rangi inasambaa sawasawa, na kukauka kunaenda haraka.

Usitie magadi kwenye sufuria ili kuongeza rangi. Manjano yakikutana na magadi hugeuka mekundu, na mnunuzi anayejua ataona mara moja.

Kukata vipande hakuhitaji kuni, na kwa unga wa kuuza hapa nchini kunatosha kabisa. Vipande viwe vya milimita 3 hadi 5, vyote unene mmoja; vikitofautiana, vyembamba vitaungua rangi huku vinene vikiwa bado na maji. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya ndani inakutana na jua na vumbi, kwa hiyo rangi na mafuta ya harufu hupotea zaidi. Nikipewa uchaguzi, na kuni zipo bila kukata msitu, nachemsha vidole na kukata mama.

Nikaushie wapi, na kwa muda gani?

Juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, kwenye wavu au mkeka safi, kwa tabaka jembamba. Vidole vilivyochemshwa huchukua siku 10 hadi 15 za jua, vipande siku 3 hadi 5. Geuza kila siku, funika kila jioni kabla ya umande.

Usianike kando ya barabara, ambako vumbi, moshi wa magari na kuku vyote vinafika. Usikaushe kwa moshi wa moto pia, kwani harufu ya moshi haitoki na unga wako utanuka kama samaki wa kukaushwa. Kikaushio cha jua chenye nailoni angavu na matundu ya hewa ni kizuri kuliko vyote, na kikundi cha watu kumi kinaweza kukijenga kwa mbao na misumari.

Nitajuaje yamekauka vya kutosha?

Vunja kidole: kinatakiwa kukatika kwa mlio mkavu, kama chuma kinachogongwa. Kikipinda hata kidogo, rudisha juani. Kwa vipande, tia kiganja kimoja kwenye chupa ya kioo iliyokauka, funga, iweke juani kwa saa moja. Ukungu wa maji ukitokea ndani ya kioo, bado.

Wanunuzi wengi wanataka unyevu usiozidi asilimia 10. Si sharti la kukomoana: juu ya hapo kuvu huota ndani ya gunia, na baadhi ya kuvu huacha sumukuvu isiyoondoka kwa kuosha wala kupika.

Kilo ngapi mbichi hutoa kilo moja kavu?

Kama tano. Aina nyingine zinahitaji nne, machanga yanaweza kufika saba. Pima kilo tano za shamba lako, zikaushe peke yake, uandike. Bila namba hiyo huwezi kujua kama unapata faida (tazama swali la kuuza mbichi au kavu).

Naweza kusaga kwenye mashine ya mahindi?

Unaweza, ikisafishwa. Piga brashi, saga kilo moja ya kwanza na uitenge, kwa sababu itabeba unga wa mahindi. Saga kidogo kidogo, kwani mashine ikipata moto sana harufu huruka. Unga hupoteza rangi na harufu haraka kuliko vidole vizima, hasa kwenye mwanga. Hifadhi vidole, saga unachouza mwezi huu, na ukifunge kwenye chombo kisichopitisha mwanga.

## Soko

Niuze mabichi au makavu?

Tuchukue mfano. Kama kilo mbichi inanunuliwa shilingi 1,000 na unahitaji kilo tano kupata moja kavu, kilo kavu chini ya 5,000 haijarudisha hata mali ghafi, achilia mbali kuni, siku za kugeuza na usafiri. Kukausha kunalipa pale tofauti inapovuka hesabu hiyo, au pale bei ya mabichi imeanguka na wewe una pa kuhifadhi. Uwezo wa kusubiri ndio unaokupa sauti mbele ya dalali. Mwenye manjano mabichi uani kwake akiona yanaanza kusinyaa, atapokea bei yoyote.

Kwa nini bei hupanda na kushuka ghafla?

Kwa sababu India inazalisha na kula sehemu kubwa ya manjano yote, bei ya dunia hufuata hali ya huko. Mavuno yao huingia sokoni kati ya Januari na Aprili. Mwaka 2023 eneo lililopandwa lilipungua na bei zikapaa, na wafanyabiashara wakaanza kutafuta kwingine. Mkulima wa Muheza hawezi kubadili hayo, ila anaweza kufuatilia habari za Nizamabad na Erode, masoko ya manjano ya India, kama anavyofuatilia mvua.

Nahitaji vibali gani?

Kuuza mabichi kwenye gulio hakuna mlolongo. Unga uliofungashwa kwa jina lako unahitaji alama ya ubora: TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar, KEBS kwa Kenya. Mjasiriamali mdogo wa Bara huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako hupata mafunzo na barua ya utambulisho. Kusafirisha nje kunahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Tanzania hutolewa na TPHPA na Kenya na KEPHIS.

## Jikoni

Bizari ziko nyingi dukani. Ninunue ipi?

Ukitaka manjano matupu, sema bizari ya manjano. Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko wa viungo kadhaa ambao manjano ni kimojawapo. Bizari nyembamba, au uzile, ni mbegu ndogo za pilau na si manjano kabisa.

Nitajuaje unga umechanganywa?

Tia kijiko cha chai cha unga kwenye glasi ya maji, usikoroge, uache. Unga safi hushuka chini na kuacha maji yenye rangi hafifu. Maji yakigeuka njano kali papo hapo, shuku rangi ya viwandani. Unga wa mahindi au mchele ulioongezwa utaujua kwa harufu dhaifu na ladha ya wanga.

Kipimo hicho hakionyeshi kila kitu. Nchini Bangladesh, uchunguzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa wafanyabiashara walikuwa wakipaka vidole rangi ya kromati ya risasi, yenye madini ya risasi ambayo ni sumu, ili ving'ae, na madini hayo yakaonekana kwenye damu za wajawazito. Serikali ikafanya msako, na kufikia 2021 vipimo vya sokoni havikuikuta tena. Kwa hiyo usivutiwe na vidole vinavyong'aa kupita kiasi. Nunua vidole vizima vyenye rangi ya udongo, osha, kausha, saga mwenyewe. Kama una watoto wadogo, ningesisitiza hilo zaidi.

Nitumie kiasi gani kwenye chakula?

Nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne watano inatosha. Kikizidi, chakula kinakuwa kichungu na chenye ladha ya udongo. Kaanga unga kwenye mafuta pamoja na kitunguu kwa sekunde chache kabla ya nyanya au tui, kwa sababu rangi yake huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji. Urojo wa Unguja, viazi karai, mchuzi wa samaki wa nazi na achari ya embe vyote vinapata rangi yake hapo. Pilau ya pwani haiihitaji. Wekundu wake unatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa vizuri.

Ukiwa na mabichi, kijiko kikubwa cha yaliyoparuzwa ni sawa na kijiko cha chai cha unga. Majani yake pia yanafaa: funga samaki aliyepakwa viungo, choma au tia kwenye mvuke.

Kanga yangu imeingia doa la manjano, na nilipotia sabuni likawa jekundu. Nimeiharibu?

Hapana. Sabuni ina asili ya magadi, na rangi ya manjano hugeuka nyekundu ikikutana nayo. Suuza mpaka sabuni iishe, doa litarudi njano, kisha anika kanga ikiwa bado mbichi juani, upande wa doa juu. Jua huiua rangi hii. Rudia siku ya pili kama limebaki.

## Afya na urembo

Je, manjano yanatibu?

Manjano ni chakula chenye heshima na yamekuwa dawa za nyumbani kwa karne nyingi, lakini mengi yanayouzwa kwa jina lake hayajathibitishwa. Kiini kinachochunguzwa ni kurkumini, ambayo ni kati ya asilimia 2 na 5 ya unga mkavu. Kijiko cha chai, gramu 3 hivi, kina miligramu 60 hadi 150. Tafiti za maumivu ya magoti kwa wazee, ambazo zimeonyesha nafuu ya wastani, nyingi zilitumia kurkumini iliyochujwa, miligramu 500 hadi 1,500 kwa siku. Kikombe cha chai ya manjano hakifikishi kiasi hicho.

Hakuna ushahidi kuwa yanaponya saratani, kisukari au virusi vya ukimwi. Anayekuambia uache dawa za hospitali ukanywe manjano anakuweka hatarini, hata kama anakupenda.

Ni kweli lazima yaliwe na pilipili manga?

Kurkumini peke yake hupita tumboni bila kuingia sana kwenye damu. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa 1998 ulionyesha kuwa miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, ziliongeza ufyonzwaji kwa watu mara 20 hivi. Pilipili manga kidogo na mafuta kwenye mchuzi ni mchanganyiko mzuri, na bibi zetu wa pwani waliupika bila kuambiwa. Ila piperini huongeza pia ufyonzwaji wa baadhi ya dawa, kwa hiyo vidonge vyenye vyote viwili si vya kumeza kiholela.

Nani ajihadhari?

Kwenye chakula cha kawaida, karibu kila mtu yuko salama, wajawazito wakiwemo. Tahadhari inaanzia kwenye vidonge na dozi kubwa. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka kiwango cha kurkumini kisichozidi miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 180. Baadhi ya vidonge vina mara kadhaa ya hiyo. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitumia vidonge vya manjano, na visa kama hivyo vimeripotiwa Marekani.

Kabla ya kutumia vidonge hivyo, mwone daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, una mawe kwenye nyongo, ugonjwa wa ini, upungufu wa madini ya chuma, ni mjamzito, au unakaribia upasuaji. Ukinywa vidonge kisha macho yakageuka njano au mkojo ukawa mweusi, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nipake kwenye kidonda?

Matumizi haya ni ya kale sana India. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano kuponya vidonda. India ikapinga kwa maandishi yake ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Nafurahi ilifutwa.

Lakini unga wa sokoni una vumbi na vijidudu. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kirefu kipelekwe zahanati kwa sababu ya pepopunda. Kwenye kitovu cha mtoto mchanga usipake kamwe. Kikae kikavu na kisafi.

Na usoni, au kwenye singo ya bibi harusi?

Manjano yamekaa kwenye urembo wa harusi za pwani kwa muda mrefu, pamoja na liwa na maji ya mawaridi. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, usubiri siku moja, wengine huwashwa. Changanya na maziwa au mafuta, si ndimu, ambayo huchoma ngozi ikipigwa na jua. Ngozi inaweza kubaki na rangi siku mbili, hivyo usifanye asubuhi ya nikaha. Hayachubui wala kubadilisha rangi ya asili ya ngozi.

## Hali za pekee

Sina shamba. Naweza kuotesha kwenye gunia au ndoo?

Ndiyo. Gunia la ujazo wa debe mbili, udongo wa bustani uliochanganywa na samadi iliyoiva, matundu chini. Vipande viwili vitatu kwa gunia, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kosa la wengi ni kumwagilia kupita kiasi. Udongo uwe na unyevu, maji yasisimame.

Niko Ulaya. Inawezekana?

Ndani ya nyumba, ndiyo. Nunua tunguu bichi lenye macho yaliyovimba, lioteshe Februari au Machi mahali penye joto la nyuzi 20 na zaidi, na litoe nje kipindi cha kiangazi tu. Baridi ya chini ya nyuzi 10 hulidumaza. Majani yakikauka mwishoni mwa mwaka, vuna. Utapata ya jikoni, si ya kuuza.

Niliyovuna yana rangi hafifu ndani. Nimeuziwa mbegu mbaya?

Huenda yalivunwa machanga, huenda ni aina yenye kurkumini kidogo. Angalia pia majani yalipokuwa mabichi: yakiwa na mstari wa zambarau katikati ya jani, ulipanda ndugu yake wa mwituni mwenye harufu ya kafuri, na huyo hauziki kama manjano. Usirudie mbegu hiyo.

Naweza kupanda shamba lile lile mwaka wa pili?

Ukilazimika, mara moja, kama hukuona kuoza wala minyoo fundo. Ni bora upumzishe kwa mahindi, mbaazi au maharage misimu miwili mitatu kabla ya kurudisha manjano au tangawizi. Shamba lililooza lipewe miaka mitatu angalau, na mbegu ya kurudi itoke mahali pengine.